Maswali ya Wasomaji: Saketi za Kelele

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu saketi ndogo za kutoa kelele, zile zinazovuma, kukwaruza, kupiga mluzi na kunguruma kwa chipu moja na betri. Tumezipanga kuanzia ya anayeanza hadi ya aliyekwisha kuunguza chipu mbili tatu. Katika majibu yote, tukisema "hasi" tuna maana ya mstari unaotoka kwenye ncha ya hasi ya betri. Hapo ndipo kila kipimo cha volti kinapoanzia.

Swali: Mafundi, hamjambo? Nina chipu ya CD40106, bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea vipande), betri ya volti 9, na mfuko wa rezista na kapasita zilizochanganyika. Nataka nisikie sauti ya kwanza leo leo. Nianzie wapi?

Jibu: Hatujambo, na chipu uliyonayo ndiyo tungekuchagulia sisi wenyewe. Ndani ya CD40106 mna vigeuzi sita, na kila kimoja kinahitaji rezista moja na kapasita moja tu ili kilie. Kazi ya kigeuzi ni kukanusha: ukikipa volti nyingi kinatoa sifuri, ukikipa sifuri kinatoa volti nyingi. Hiki cha 40106 kina vizingiti viwili. Hakigeuki mpaka volti inayoingia ipande kupita kizingiti cha juu, na hakirudi mpaka ishuke chini ya kizingiti cha chini. Ukiweka rezista kati ya mguu wa kutokea na wa kuingilia, na kapasita kati ya mguu wa kuingilia na hasi, kapasita hujaa kupitia rezista hadi kizingiti cha juu, kigeuzi kinageuka, kapasita inamwaga chaji hadi kizingiti cha chini, kinageuka tena. Kujaa na kumwaga huko ndiko mlio wenyewe.

Chomeka chipu ikiwa imekaa juu ya mfereji wa katikati wa bredibodi. Ile alama ya kijishimo ikiwa upande wako wa kushoto, mguu wa 1 uko chini kushoto. Hesabu kwenda kulia hadi 7, kisha panda juu urudi kushoto kuanzia 8 hadi 14. Mguu wa 14 unaenda chanya, wa 7 unaenda hasi. Weka kapasita ya nanofaradi 100 (imeandikwa 104) kati ya miguu hiyo miwili, karibu kabisa na chipu. Usiiruke hatua hii; utaona sababu yake kwenye barua ya nne. Kisha unganisha rezista ya 10K (omu 10,000) mfululizo na potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya 1M (omu milioni moja), zitoke mguu wa 2 hadi mguu wa 1, na kapasita nyingine ya 104 itoke mguu wa 1 hadi hasi.

Bado vigeuzi vitano havina kazi. Miguu yao ya kuingilia, yaani 3, 5, 9, 11 na 13, yote ipeleke hasi. Mguu wa kuingilia ukiachwa hewani hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani, hata wa mkono wako ukipita karibu, na kigeuzi kinaanza kugeukageuka na kula betri bila faida. Miguu ya kutokea (4, 6, 8, 10, 12) iache kama ilivyo. Hiyo usiipeleke popote.

Kusikiliza, tumia kisahani cha piezo kati ya mguu wa 2 na hasi. Usijaribu spika ya omu 8 moja kwa moja: mguu wa chipu hii hutoa miliampea chache tu, na spika hiyo ni kama kuupiga shoti.

Kwa volti 9, idadi ya mitetemo kwa sekunde ni takriban 1.2 ikigawanywa kwa zao la rezista (kwa omu) na kapasita (kwa faradi). Potenshiometa ikiwa mwisho wa chini, ile 10K na kapasita ya 104 hukupa kama Hz 1,200, mluzi mwembamba. Ukiizungusha hadi mwisho wa juu unafika kama Hz 12, na hapo sikio halisikii tena noti bali tak-tak-tak. Kila kiwanda kina vizingiti vyake, kwa hiyo usishangae ukipata tofauti kubwa kidogo. Kapasita ya 103 (nanofaradi 10) itafanya kila kitu kiwe chembamba mara kumi. Ya maikrofaradi 10 itakupa mapigo ya polepole, hadi moja kwa kila sekunde nane hivi. Hiyo ina upande wa hasi uliochorwa mstari, na upande huo ndio unaoelekea hasi.

Ile 10K usiitoe. Bila hiyo, potenshiometa ikifika sifuri, mguu wa kutokea unagusana na wa kuingilia. Chipu inalia juu ya uwezo wa sikio au inaganda katikati, na inapata joto.

Ikikaa kimya, weka mita kwenye volti za betri upime mguu wa 2. Osileta (yaani kigeuzi pamoja na rezista na kapasita yake) inayolia kwa sauti ya kusikika husomeka karibu nusu ya betri, volti 4 hadi 5. Ukisoma 0 au 9 isiyotikisika, hailii: kagua mguu wa 1, halafu kagua mistari ya pembeni ya bredibodi, maana katika zile ndefu mara nyingi mstari umekatika katikati bila kuonekana.

Swali: Nilikosa 40106 nikachukua 74HC14 kwa kuwa miguu inafanana. Ililia sekunde moja, ikanyamaza, ikawa moto. Kwa nini?

Jibu: Miguu inafanana kweli, lakini volti hazifanani. CD40106 hustahimili volti 3 hadi 15 bila wasiwasi. 74HC14 ni ya volti 2 hadi 6. Kwa betri ya volti 9 imekufa, hairudi. Nyingine ukiipata, itumie na betri ndogo tatu za volti 1.5 na italia vizuri sana. Hata hutoa mkondo mwingi kuliko 40106.

Swali: Nina osileta mbili kwenye chipu moja. Moja inalia ikiwa peke yake, ya pili pia. Nikiunganisha mguu wa 2 na wa 4 ili nizisikie pamoja, napata mkwaruzo dhaifu na chipu inapata joto.

Jibu: Umewapiganisha. Mguu wa 2 unapotaka kuwa volti 9 na wa 4 unapotaka kuwa sifuri, mkondo unatoka mmoja na kuzama kwa mwingine bila kizuizi chochote kati yao. Matokeo ya vigeuzi hayaunganishwi uso kwa uso hata siku moja.

Njia ya upole ni rezista: toa 47K kutoka kila mguu wa kutokea hadi sehemu moja ya pamoja, na chukua sauti hapo. Kila osileta inasikika kwa sauti yake, kama watu wawili wanaoimba chumba kimoja.

Njia tunayoipenda zaidi ni dayodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Chukua 1N4148 mbili. Ncha zenye mstari ziunganishe pamoja, ncha zisizo na mstari kila moja iende kwenye mguu wake wa kutokea. Kutoka pale zilipokutana, teremsha rezista ya 10K hadi hasi. Sasa sehemu ya pamoja inapanda kila mara osileta yoyote inapopanda, na hapo sauti hazijumlishwi tena bali zinakatana. Osileta moja ikiwa ya polepole, Hz 5 kwa mfano, itaifunika ile ya mluzi kila inapopanda na kuiachia kila inaposhuka. Unapata mluzi uliokatwakatwa kwa mpigo ulio sawa. Zote mbili zikiwa za kusikika, Hz 200 na Hz 310 tuseme, linatoka jambo la tatu lenye kukwaruza ambalo halimo katika yoyote kati ya hizo mbili. Bila ile 10K hutasikia kitu cha maana, kwa sababu dayodi hupandisha tu; lazima pawepo kitu cha kuteremsha.

Kuna matumizi mengine ya dayodi hiyo hiyo: ncha isiyo na mstari kwenye mguu wa kutokea wa osileta ya polepole, ncha yenye mstari kwenye mguu wa kuingilia wa ile ya haraka. Ya polepole inapopanda huishikilia kapasita ya mwenzake juu, na mwenzake anasimama kabisa. Tofauti na ule mkato wa kwanza ni kwamba hapa kila mara mlio unaanza upya kutoka sehemu ile ile ya wimbi, na sikio linausikia mwanzo huo kama kidonda kidogo, mdundo mkavu.

Swali: Ndugu wahariri, nimejenga osileta zote sita za 40106. Moja moja zinalia nitakavyo. Nikiziwasha zote, zinavutana: nazungusha potenshiometa moja, sauti haisogei, haisogei, halafu inaruka ghafla. Nyingine zinafuatana kama kivuli. Kosa liko wapi?

Jibu: Hujakosea uunganishaji. Osileta zote sita zinakunywa kutoka kisima kimoja. Vizingiti vya kila kigeuzi si volti maalumu, ni sehemu ya volti ya betri: katika volti 10, cha juu kiko karibu 5.9 na cha chini karibu 3.9. Kigeuzi kimoja kinapogeuka huvuta mkondo kwa ghafla, volti kwenye mguu wa 14 inatikisika, na vizingiti vya wenzake watano vinatikisika nayo. Osileta iliyokuwa imebakiza kidogo tu kufika kizingiti inajikuta imefika, inageuka pamoja na jirani. Ikitokea hivyo kila mzunguko, zimefungana. Zinapenda kufungana kwenye uwiano mwepesi, moja kwa moja, mbili kwa moja, tatu kwa mbili, ndiyo maana unasikia ikiruka badala ya kuteleza.

Ukitaka zijitegemee, kwanza hakikisha ile kapasita ya 104 iko kati ya mguu wa 14 na wa 7 kwa nyaya fupi kadiri inavyowezekana. Ongeza ya maikrofaradi 100 kwenye mistari ya pembeni pale betri inapoingilia. Betri iliyochoka huongeza tatizo, kwa kuwa upinzani wa ndani yake umekua. Ipime saketi ikiwa imewashwa, si ikiwa imezimwa. Hata hivyo, ndani ya kipande kimoja cha chipu kutabaki uvutano kidogo. Kwa osileta mbili ambazo lazima zisijuane kabisa, tumia chipu mbili, kila moja na kapasita yake, na rezista ya omu 100 kwenye waya wake wa chanya.

Lakini kabla hujautibu uvutano huo, sikiliza unachokipata. Kwetu sisi hii ndiyo sauti tajiri kuliko zote ndani ya chipu hii, na tunashauri uijengee kitufe chake. Ondoa kapasita ya maikrofaradi 100, acha ile ya 104, kisha weka potenshiometa ya 10K kwenye waya wa chanya unaoingia mguu wa 14. Ukiizungusha, unainyima chipu umeme. Volti inaporomoka kila kigeuzi kinapogeuka, inapanda tena polepole, osileta zinaanza kukatishana tamaa: zinakoroma, zinabweka, zinatoa milio inayokaribia kurudia lakini hairudii. Kama kila kitu kinazimika mapema mno kwenye mzunguko, badilisha uweke ya 5K. Amplifaya ipate umeme wake kabla ya potenshiometa hiyo, la sivyo itanyimwa pamoja na chipu na utasikia tu sauti ikififia. Hakikisha pia hakuna chipu nyingine yenye umeme kamili inayoingiza sauti kwenye 40106 iliyonyimwa: mkondo utapenya kupitia mguu wa kuingilia na kuilisha kwa mlango wa nyuma. Kama ni lazima, weka 100K katikati.

Swali: Amplifaya yangu ya LM386 inapasuka sauti hata potenshiometa ikiwa chini, na nikichomoa waya wa kuingilia inapiga mluzi yenyewe.

Jibu: Mambo mawili yamekutana. La kwanza, unaimwagia sauti kubwa kupita kiasi. LM386 haitakiwi kupewa zaidi ya volti 0.4 juu au chini ya hasi, na 40106 inatoa volti 9 nzima. Gawanya: kutoka kwenye osileta weka kapasita ya 104, kisha rezista ya 100K hadi mguu wa 3 wa LM386, na kutoka mguu huo rezista ya 4.7K hadi hasi. Hapo zinafika kama volti 0.4 kutoka bonde hadi kilele. Chipu hii hukuza mara 20 ikiachwa ilivyo, na 0.4 mara 20 ni volti 8, ambazo tayari zinagusa dari ya betri yako.

La pili, nadhani umeweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8 kwa sababu michoro mingi inayo. Hiyo hupandisha ukuzaji hadi mara 200. Kwa maikrofoni inafaa. Kwa osileta haina kazi, na waya wa kuingilia ulioachwa wazi unageuka antena inayonasa sauti ya spika na kuirudisha. Itoe.

Yanayobaki: mguu wa 2 na wa 4 hasi, wa 6 chanya, kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya wa 6 na wa 4. Mguu wa 5 unaenda spika kupitia maikrofaradi 220, chanya ya kapasita ikitazama chipu. Kutoka mguu wa 5 teremsha rezista ya omu 10 mfululizo na nanofaradi 47 hadi hasi. Watu huiruka hii, halafu wanashangaa kwa nini amplifaya inatetemeka kwa sauti isiyosikika na kupata joto. Waya wa hasi wa spika uurudishe moja kwa moja kwenye betri, usiupitishe kwenye mstari ule ule unaolisha osileta, vinginevyo kila mshindo wa spika utairudia 40106 na kuitikisa.

Swali: Je, naweza kuicheza kwa vidole badala ya potenshiometa?

Jibu: Ndiyo, na mkono wa mtu ni potenshiometa nzuri sana. Ngozi kavu huwa na upinzani wa makumi ya K hadi zaidi ya 1M, na unapungua kadiri unavyobonyeza au kidole kikiwa na jasho. Weka rezista ya 10M kati ya mguu wa 1 na wa 2, kapasita ya 103 kutoka mguu wa 1 hadi hasi. Hapo inagonga kama mara 12 kwa sekunde. Sasa toa waya kutoka mguu wa 1 hadi kibati kimoja, na mwingine kutoka mguu wa 2 kupitia 10K hadi kibati cha pili. Gusa vyote viwili kwa vidole viwili: ngozi ya 200K inaipandisha hadi Hz 600 hivi, na kila mkandamizo unasikika. Huko Uholanzi katika miaka ya 1970, Michel Waisvisz na wenzake walitengeneza Kraakdoos kwa wazo la jamii hiyo, chipu moja ya LM709 na vibati sita vya kugusa, bila kitufe hata kimoja cha kuzungusha.

Sharti ni moja: betri tu. Kibati cha kugusa kisiunganishwe kamwe na amplifaya, kompyuta au chaja iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani. Hitilafu ndani ya chaja mbovu itapita mwilini mwako.

Swali: Nataka besi inayofuata mluzi wangu, sio osileta nyingine ya kulinganisha kila dakika.

Jibu: Tumia CD4040, chipu inayogawanya mitetemo kwa mbili, tena na tena. Mguu wa 16 chanya, wa 8 na wa 11 hasi, mluzi uingie mguu wa 10. Mguu wa 9 unatoa nusu, wa 7 robo, wa 6 sehemu ya nane, wa 5 sehemu ya kumi na sita. Mluzi wa Hz 1,760 unakupa 880, 440, 220 na 110, na zitabaki kwenye tyuni na mluzi wako daima hata ukiuvuruga. Changanya kwa rezista za 47K.

Swali: Mimi sitaki mluzi wala mvumo. Nataka sauti ya mvua. Nimesoma kwamba transista ikiunganishwa kinyume hutoa mchakacho, nimejaribu kwa volti 9 sipati kitu.

Jibu: Ulichosoma ni kweli, ila volti 9 ziko ukingoni. Kiungo kati ya emita na besi ya transista ndogo (miguu yake miwili kati ya mitatu, wa tatu ni kolekta; besi hii si ile ya sauti), kikilazimishwa kinyume, huvunjika mahali fulani kati ya volti 6 na 9, na mkondo unaopenya hapo hupita kwa vishindo vidogo visivyo na mpango. Betri mpya inaweza kutosha kwa transista moja, isitoshe kwa jirani yake. Unganisha betri mbili mfululizo upate 18.

Transista ya kwanza, 2N3904: kolekta iache hewani, besi hasi, emita ipate volti 18 kupitia 100K. Pima emita. Ukisoma kati ya 6 na 10, inafanya kazi. Ukisoma karibu 18, haijavunjika au haijagusa bredibodi. Ukisoma 0.7 umebadilisha emita na besi. Ile 18 humpata pia anayebadili transista bila kutazama miguu: ubapa ukikutazama, 2N3904 kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta, lakini BC547 ni kolekta, besi, emita.

Mchakacho huo ni mdogo mno, kwa hiyo ukuze. Kutoka emita pitisha kapasita ya 104 hadi besi ya transista ya pili. Emita yake hasi, kolekta yake ipate volti 18 kupitia 10K, na rezista ya 1M kutoka kolekta hadi besi yake. Kolekta isimame kati ya volti 4 na 9 hivi. Kutoka hapo, kapasita ya 104, potenshiometa ya 10K, halafu LM386. Kuwa mwangalifu: LM386 ya kawaida mwisho wake ni volti 12, basi ilishe kutoka pale betri mbili zinapokutana, ambapo pana 9.

Jaribu transista kadhaa kwenye nafasi ya kwanza, maana zinatofautiana sana. Nyingine zinachakacha kwa nguvu, nyingine zinapasuka moja moja kama mafuta ya moto. Ile utakayoichagua ibaki hapo. Transista iliyovunjwa kinyume hupoteza uwezo wake wa kukuza, usiirudishe kwenye kopo la nzima. Mchakacho ukiwa mkali kuliko mvua, weka nanofaradi 10 sambamba na ile potenshiometa ya 10K. Nanofaradi 47 zitaisogeza iwe mvua inayosikika kutoka ndani, dirisha likiwa limefungwa.